Shaba na Matarumbeta

Jumapili, 3 Agosti

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote: sijawahi kupanda farasi wetu. Hata mara moja. Hata akiwa amelala.

Shuleni hawajui. Shuleni mimi ni Hashimu wa Farasi, kidato cha tatu, na wote wanaamini kengele ya mwisho ikilia narukia tandiko na kutimua vumbi hadi Ihumwa. Sijawahi kusema hivyo. Sijawahi kukanusha pia. Nikiulizwa natabasamu kidogo na kutazama mbali, kama mtu aliyeona mengi. Ukweli ni kwamba kengele ikilia naenda maktaba. Maktaba ikifungwa narudi nyumbani kwa miguu, peke yangu.

Juu ya farasi ni juu mno. Lakini chini, pembeni yake, juu ya ndoo iliyogeuzwa, hakuna mahali pazuri zaidi Dodoma nzima. Kila jioni namsomea Shaba. Riwaya, Historia, hata Jiografia ikibidi. Hanikatizi. Hacheki nikikosea neno. Hajawahi kuniuliza kwa nini sina marafiki. Nikifika mahali pa kusisimua anapumua kwa nguvu, nami nasubiri atulie ndipo niendelee.

Leo nimesikia habari mbaya. Nilikuwa nimeinama chini ya dirisha la sebule nikifunga kamba za viatu. (Nilikuwa nimevaa ndala, lakini hakuna aliyeniona.) Baba alikuwa akimwambia mama kwamba amechoka. Farasi, alisema, alimfundisha kwa mwezi mmoja akaelewa. Wavulana amewafundisha tangu wazaliwe na bado taa ya choo inawaka mchana kutwa. Mama akasema afadhali yeye baba, anayeshinda na farasi. Yeye kazaa wawili tu, mmoja haingii ndani na mwingine hatoki nje, na angempata hata mmoja wa katikati angemshukuru Mungu.

Asiyeingia ndani ni kaka yangu Zaidi. Huyo mwingine sijamwelewa.

Kisha wakamfikia Shaba. Mwezi uliopita alikodiwa kwenye harusi ya Nzuguni. Matarumbeta yalipolia akarudi kinyumenyume, akarudi, akarudi, hadi akaikalia keki. Jumamosi ya tarehe kumi na sita ana harusi nyingine. Bwana harusi ni Bwana Damas, ofisa wa wizara moja kule Mtumba, na anataka kuingia ukumbini juu ya farasi kama sultani. Baba akasema: Shaba akituaibisha na hii, basi. Mzee Ebenezer wa Kongwa, mwenye ranchi, anamtaka siku nyingi. Atamchukua.

Mama akamwambia farasi hana kosa. Baba akajibu kwamba hilo analijua, ila farasi anahamishika, wavulana hawahamishiki.

Nimekula wali bila kuuonja. Lazima kifanyike kitu. Na anayefikiri katika nyumba hii ni mmoja tu.

Jumanne, 5 Agosti

Wazo! Kubwa!

Nimelipata kwenye kitabu cha Biolojia. Kulikuwa na Mrusi mmoja aliyekuwa na mbwa. Kila alipompa chakula aligonga kengele. Siku zikapita, mbwa akawa akisikia kengele tu mate yanamdondoka, hata kama chakula hakipo. Basi! Mbwa na kengele, farasi na matarumbeta. Kila yakilia, Shaba anapata sukari guru. Ifikapo Jumamosi ile hatayaogopa. Atayapenda.

Vifaa: spika ya Zaidi, simu ya mama, sukari guru ya mama. Wenye mali hawana haja ya kusumbuliwa kwa maelezo. Mpango mkubwa huharibiwa na maelezo.

Spika haikuwa ngumu kuipata. Zaidi huiwasha anapomwogesha Shaba, na leo aliisahau bandani baada ya kufumaniwa. Baba alimkuta akijipaka kichwani mafuta ya nazi yaliyonunuliwa kwa ajili ya mkia wa farasi, na kujichana kwa brashi ya farasi. Akamuuliza anamtunza nani hapa. Zaidi akajibu kwa utulivu kabisa kwamba wote wawili huonekana pamoja barabarani, sasa mmoja aking'aa na mwingine asing'ae watu watasemaje? Baba akatafuta mahali pa kukaa. Akamuuliza mama kama mjini kuna daktari wa mifugo anayepokea wavulana.

Shuleni: Munira alikuja hadi mezani kwangu maktaba. Ni wa darasa letu, anaishi Area D, mama yake alihamishiwa Mtumba kikazi kutoka Tanga. Aliniuliza kama farasi husikia baridi na upepo huu wa Agosti. Swali zuri sana! Jibu nilikuwa nalo, la kurasa mbili. Nikamwambia, "Asante," nikaondoka.

Nilisahau begi. Nikalazimika kurudi. Alikuwa bado pale. Nikamwambia asante tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Jaribio la kwanza. Maoni: sauti ilikuwa kubwa mno.

Nilijificha nyuma ya banda, nikaweka spika juu ya tofali, nikabonyeza. Sikujua kwamba Zaidi huiacha sauti ikiwa mwisho kabisa. Matarumbeta yalilia kama Siku ya Kiyama. Shaba akapita kwenye uzio, si mlangoni, kwenye uzio wenyewe, akavuka njia, akaingia kwa jirani yetu Bi Joha na kutokea upande wa pili akiwa amejifunga shuka la maua.

Baba alimkamata karibu na lami. Aliporudi alimwita Zaidi akamuuliza kwa nini ameacha mlango wa banda wazi. Zaidi akaapa hajaugusa. Baba akasema hivyo hivyo ndivyo alivyosema kuhusu mlango wa friji. Zaidi akasema friji ilikuwa kweli. Baba akasema kwamba yeye ana umri wa nusu karne, amechunga ng'ombe Kondoa, amevuka mto Bubu umejaa, na hakuna mnyama aliyewahi kumzeesha kama mtoto wa kiume mwenye miaka kumi na minane.

Nilitaka kusema. Kweli, nilishafungua mdomo. Lakini mazungumzo yalikuwa yameshaenda mbele, na kuyarudisha nyuma ingekuwa utovu wa adabu.

Zaidi kapewa adhabu ya kujenga uzio. Alipokuwa akichimba mashimo nilimpelekea maji. Akaniambia, "Wewe dogo ndiye mtu pekee mwenye utu hapa." Nilijisikia vibaya hadi magharibi.

Jumapili, 10 Agosti

USHINDI!

Nimebadili mbinu. Sauti ndogo kama ya mbu, spika mbali, sukari guru mkononi. Siku ya kwanza masikio yalilala nyuma. Jana yakasimama. Leo nilipobonyeza, Shaba alikuwa mwisho wa uwanja akila nyasi. Aliinua kichwa. Akaja! Akanipita mimi, akaenda moja kwa moja kwenye spika, akailamba. Kisha akaja kwangu kuuliza mfukoni.

Nikaongeza sauti. Akaja. Nikaongeza tena. Akaja mbio.

Mrusi yule angenipa mkono. Nilitafuta mtu wa kumwambia. Zaidi alikuwa barabarani. Baba alikuwa mnadani. Mama alikuwa na wageni. Nikamwambia Shaba, lakini yeye alikuwa anajua tayari.

Jumanne, 12 Agosti

Tatizo dogo limetokea na kukua.

Bi Joha alikuja asubuhi, amejitanda, uso umekunjamana. Akamwambia mama kwamba wameishi jirani tangu eneo hili halina hata nguzo ya umeme. Wamezikana, wameuguzana. Sasa kila jioni anasikia matarumbeta kwetu, halafu hata kadi hajaiona! Harusi ya nani hiyo inayofichwa?

Mama akaapa hakuna harusi. Bi Joha akasema matarumbeta hayajipigi. Mama akaapa tena. Bi Joha akamtazama kwa huruma, akashusha sauti, akasema basi ameelewa. Ni ndoa ya mkeka. Zaidi kafumaniwa kwa watu, wazee wa binti wamemfungisha, na sisi tunasherehekea kimyakimya ili kupunguza aibu. Yasimpe taabu, alisema. Vijana wa siku hizi ndivyo walivyo. Akaacha kitenge kipya cha bibi harusi.

Zaidi aliporudi aliwakuta baba na mama wamekaa sebuleni, kitenge katikati. Baba akamuuliza kwa upole wa kutisha: huyo binti ni nani?

Hapa ndipo mtu mwenye akili angeuliza binti gani. Zaidi akapauka, akauliza wamejuaje, akaanza kukiri. Kumbe tangu Juni amekuwa akiwapandisha Shaba wanafunzi wa kike wa chuo, zamu kwa zamu, kule bondeni, na ameshawaahidi wengine wanne! Mama akauliza wanne wa kuoa? Zaidi akasema hapana, wa kupiga picha. Baba akajifunika uso kwa kitenge cha Bi Joha.

Hukumu: Zaidi haruhusiwi kumkaribia Shaba mpaka atakapoota ndevu za akili. Na Jumamosi, atakayemwongoza farasi mwenye bwana harusi juu yake ni...

Mimi.

Baba aliniwekea mkono begani. Alisema angalau ana mmoja aliyetulia.

Jumatano, 13 Agosti

Nimejaribu kumwambia baba ukweli kwamba mimi na farasi tunajuana kwa upande wa vitabu tu. Alikuwa barazani akishona hatamu. Nikasimama mlangoni. Akaniuliza kama nina jambo. Nikasema sina. Akasogea, akasema karibu ukae. Nikasema nina kazi ya Hesabu. Hesabu hatujapewa tangu Ijumaa.

Kisha nikajipa moyo. Kuongoza si kupanda. Kamba mkononi, sukari guru mfukoni, matarumbeta yanalia, Shaba anafurahi, watu wanapiga vigelegele, Kongwa wanakosa. Nimechora ramani.

Wakati wa kula baba alitueleza jambo kuhusu harusi, kwamba amezungumza na kamati ya Bwana Damas na wamekubaliana kitu. Sikusikia ni kitu gani. Nilikuwa na kitabu mapajani, na shujaa alikuwa amefungiwa pangoni. Mama akaniuliza, "Hashimu, umesikia?" Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umechunwa na kamba.

Nianze mwanzo. Nilivaa kanzu ya Zaidi, ndefu kidogo, na kilemba alichonifunga mama. Shaba alikuwa na shada la maua shingoni, anang'aa kama jina lake. Tulikutana na Bwana Damas Area D, tutembee kidogo tu hadi ukumbini. Ni mtu mzito, suti ya bluu, miwani ya jua, midomo ikisali. Aliniuliza kama nina uzoefu. Nikatabasamu kidogo na kutazama mbali. Akatulia. Wakampandisha kwa kiti cha plastiki na wanaume watatu.

Tukaondoka. Shangazi zake mbele wakiimba na kupiga makofi. Baba nyuma, mikono mgongoni. Bibi harusi, Miriam, alishatangulia ukumbini kwa gari. Shaba anatembea kama malkia! Watu wanatoa simu! Mimi kifua mbele! Kando ya barabara, mbele ya duka, nikamwona Munira akinipungia mikono yote miwili. Furaha ilinijaa hadi kooni. Nikatazama mbele kama askari wa gwaride.

Jambo moja tu lilinishangaza. Matarumbeta yako wapi? Mfuko umejaa sukari guru na hakuna hata filimbi. Nikadhani wamechelewa.

Hawakuchelewa. Walikuja. Tulikuwa karibu na mzunguko tu nilipoyasikia, kutoka upande wa pili: pikapu nyeupe, vijana wamesimama nyuma yake wakipuliza mpaka mashavu yanataka kupasuka, na msururu wa magari yenye riboni. Ilikuwa harusi nyingine. Ya bibi harusi mmoja aitwaye Evelina, nimekuja kujua baadaye, tena nimemjua vizuri.

Masikio ya Shaba yakasimama.

Nikasema, "Shaba, hapana." Akasema ndiyo.

Sijui kueleza kilichofuata kwa mpangilio. Kamba ilikaza. Miguu yangu ilikuwa ikikimbia kabla sijaiambia. Bwana Damas alipiga kelele, "Breki! Kijana, breki!" Shangazi zake waligawanyika pande mbili kama bahari. Tukaingia kwenye mzunguko, tukauzunguka mzima, tukatoka na pikapu. Wapiga matarumbeta walipoona bwana harusi anawafuata kwa farasi, kilemba changu kinapepea pembeni, walidhani ni sehemu ya ratiba. Wakapuliza kwa nguvu zaidi. Na kadiri walivyopuliza...

Kilemba kilibaki mbele ya kituo cha mafuta. Ndala moja sijui.

Tukafika ukumbini. Si ukumbi wetu. Mama wakubwa wa Evelina walikuwa wamepanga mstari mlangoni. Walipomwona Bwana Damas wakalia vigelegele, wakatandika vitenge chini, wakampokea alipoteleza, wakamfuta jasho, wakamvika shada, wakamwingiza. Mshereheshaji akatangaza kwamba bwana harusi, wapendwa, amekuja KWA FARASI! Ukumbi ukasimama. Mtu aliyekuwa akitetemeka namna ile hakuweza kubisha. Nasikia aliketishwa kwenye kiti cha kifalme na kulishwa kipande cha ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa.

Ndipo likafika gari lenye bwana harusi halisi, Petro. Akauliza yule ndani ni nani. Evelina akafungua kioo cha gari lake akauliza hivyo hivyo. Shangazi mmoja akasema kama ni kuchagua, yeye angebaki na wa farasi.

Na Shaba? Alisimama kwa adabu nyuma ya pikapu. Alimnusa mpiga tarumbeta wa kwanza, kisha wa pili, kisha yule wa ngoma, akitafuta sukari guru yake. Wote hawakuwa nayo. Akanigeukia. Nikampa yote niliyokuwa nayo. Ningefanyaje? Siku nzima ile, ni yeye peke yake aliyefanya kama alivyofundishwa.

Bwana Damas alirudishwa kwa bajaji, na shada la harusi ya watu shingoni. Miriam alikuwa amemsubiri mpaka poda ikamtiririka. Mama yake Miriam akamuuliza bwana harusi ametoka wapi. Wanasema hakupata jibu fupi.

Baba alifika kwa miguu, kofia mkononi, anahema. Nilisubiri anifokee. Hakufoka. Aliutazama mkono wangu. Kisha akaichukua kamba.

Jumapili, 17 Agosti

Nyumba imenyamaza. Hata Zaidi yuko ndani.

Mama alinipaka dawa mkononi. Akasema kinachomshangaza ni kwamba baba alilipanga vizuri. Alikaa na kamati siku nzima akiwasihi waache matarumbeta ili farasi asiogope, wakakubali. Si alisema mezani Jumatano, na sote tukasikia?

Nikasema ndiyo, tulisikia.

Akaniuliza, basi nini kilimpata Shaba, anayeyakimbia matarumbeta, mpaka akayakimbilia? Nikasema wanyama wana siri nyingi. Mama akanitazama kwa muda. Akafunga kopo la dawa.

Mchana baba alizungumza na Mzee Ebenezer kwenye simu. Alisema shikamoo, akasema ndiyo, akasema kesho. Kisha akatoka akamchana Shaba mwili mzima, yeye mwenyewe, polepole.

Jumatatu, 18 Agosti

Sikwenda shule. Hakuna aliyenisukuma.

Fuso, lori la Mzee Ebenezer, ilikuja saa ya chai, ikaegesha kwenye kichuguu, ikateremsha ubao. Shaba akautazama ubao akakataa. Baba akavuta, Zaidi akasukuma. Akapanda miguu ya mbele, akashuka. Dereva akasema wanyama wa namna hii wana dawa yao, akaenda kukata fimbo kwenye ua wa minyaa. Baba akamwambia farasi huyu hajawahi kupigwa. Dereva akasema kila kitu kina mara ya kwanza, mzee wangu, na yeye ana mzigo mwingine Kibaigwa. Akarudi na fimbo nene, mbichi.

Nilikuwa nimesimama pembeni. Nilijua kitakachompandisha. Nilijua pia kwamba nikikitoa, watajua wote.

Fimbo ikainuliwa.

Nikaingia ndani mbio. Nikachukua simu ya mama, nikachukua spika chini ya kitanda changu, nikachukua sukari guru yote iliyobaki kabatini. Nikapanda kwenye Fuso kwa upande wa mbele, nikakaa kwenye nyasi kavu mwisho kabisa, nikabonyeza.

Matarumbeta yakalia. Shaba akainua masikio. Akaupanda ubao kama ngazi ya msikiti, taratibu, akaja hadi kwangu, akaweka pua kwenye kiganja changu kilichofungwa bandeji. Nikamlisha mpaka wakamaliza kufunga mlango wa nyuma. Nilikuwa nazungumza naye lakini sikumbuki nini. Matarumbeta yaliendelea, yale ya furaha, ya kumtoa bibi harusi nje.

Niliposhuka wote walikuwa wananitazama. Zaidi alikuwa akiitazama spika yake. Mama alikuwa akiutazama mfuko wa sukari guru. Zaidi akafungua mdomo. Baba akamwinulia kidole, akaufunga.

Baba alinitazama mimi. Fuso ikaingia barabara ya Kongwa, vumbi likapanda, likachelewa kushuka.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekwenda shule. Munira aliniuliza farasi hajambo? Akasema alinifuata kwa mbio hadi mzunguko Jumamosi ile ili anisaidie kushika kamba, hakunifikia. Nikamwambia Shaba amekwenda Kongwa. Akasema pole sana, akasema nikitaka anaweza kukaa nami mapumziko. Nikajua ananihurumia kwa ajili ya farasi. Nikamshukuru, nikaenda kukaa nyuma ya maabara ili nisimharibie mapumziko yake.

Nimeweka ndoo kwenye banda. Nimejaribu kusoma kwa sauti. Ukuta haupumui.

Jumatano, 20 Agosti

Jambo kubwa limetokea leo, na nimeligundua peke yangu.

Jioni nilikuwa bandani. Baba akaingia na vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Akanipa kimoja, akakalia gogo. Akasema nyumba imepoa. Nikasema ni upepo. Akasema hapana, si upepo.

Akakohoa. Akasema spika si kitu, Zaidi atasamehe. Akasema na Bwana Damas amecheka hatimaye. Picha zake zimezunguka ofisini, na sasa wakubwa wanamsalimia kwa jina. Kisha akaniuliza, ule mkono unauma? Nikasema kidogo. Akaniuliza nilikuwa nikimsomea nini Shaba. Nikasema mambo mengi, mwishoni ilikuwa vita vya Majimaji. Akaniuliza tulifika wapi. Nikamwambia. Akasogeza gogo lake karibu na ndoo yangu, akasema niendelee pale pale nilipoishia, yeye hana haraka, kazi zote zimeisha.

Nilimtazama. Macho mekundu, mabega yamelala. Mtu mzima, mwenye mji wake, anaomba kusomewa Historia kwenye banda tupu!

Hapo nikaelewa. Baba ana upweke. Upweke mkubwa, pengine wa siku nyingi, na hana wa kumwambia. Nashangaa hakuna mwingine aliyeliona katika nyumba hii. Anahitaji mnyama.

Na asiwe farasi. Farasi ana woga. Awe mnyama mtulivu, mrefu, asiyebabaishwa na kelele, anayependeza kwenye harusi.

Nikamwambia baba samahani, nina kazi ya nyumbani. Nikamwachia kitabu ajisomee mwenyewe, nikamwonyesha na ukurasa. Alikipokea kwa mikono miwili. Nilipofika mlangoni akaniita kwa jina, nikageuka, akasema basi, nenda.

Nikaingia ndani. Nikachukua simu ya mama juu ya kabati. Nikampigia Mjomba Ibrahimu, anayepeleka alizeti Arusha kwa lori. Nikamwamkia. Nikamuuliza kama kule Longido mtu anaweza kupata ngamia mmoja mpole, na kama anaweza kumleta bila kumwambia baba.

Mjomba akashusha sauti. Akauliza kama baba yuko karibu.

Kupitia dirishani nilimwona bado amekaa kwenye gogo, kitabu kimefunguliwa, chai yangu pembeni yake. Nikamwambia mjomba hapana, baba yuko mbali. Kisha nikafunga dirisha, nikamuuliza ngamia anakula nini.